Jeni la Mwanadamu Katika Hamira ya Pombe

Kwenye kromosomu ya 10 ya mwanadamu kuna jeni ambalo wataalamu wameliita CDK1. Si jeni kubwa. Protini inayoundwa kwa maelekezo yake ina asidi amino 297 tu, zilizofuatana katika mnyororo mmoja kisha zikakunjana zikawa umbo dogo lisiloonekana hata kwa hadubini ya darasani. Hata hivyo mwili wako umejengwa kwa idhini yake. Ngozi iliyofunga kidonda cha utotoni, nywele zinazoota baada ya kunyolewa, utando wa ndani wa utumbo unaojifanya upya kila baada ya siku chache: vyote vimetokana na seli zilizogawanyika, na seli hizo ziligawanyika kwa sababu protini hii iliziruhusu.

Naomba msomaji wangu tukae na jeni hili kwa utulivu. Nimesoma habari za nyota na milima inayotema moto, nikastaajabu kama kila mtu. Lakini kwa upande wangu, hakuna mahali ninapoona mkono wa Muumba kwa ukaribu zaidi ya hapa, katika kitu kidogo hiki tulichopewa sisi, akapewa samaki, likapewa hindi lililopo shambani, ikapewa na hamira iliyomo kwenye mtungi wa pombe.

Kwanza tutazame uzito wa kazi yenyewe. Mwili wa mtu mzima una seli zinazokadiriwa kuwa zaidi ya trilioni 30. Chembe nyekundu za damu peke yake huzaliwa zaidi ya milioni 2 kila sekunde, usiku na mchana, mtu akiwa macho au amelala. Kabla seli haijagawanyika, inapaswa kunakili DNA yake yote. Ukiinyoosha DNA ya seli moja utapata urefu wa mita 2 hivi, nayo imo ndani ya kiini chenye upana wa sehemu chache za elfu za milimita. Herufi zake ni kama bilioni 6. Zote zinakiliwe, makosa yasahihishwe, kisha kromosomu 46, kila moja ikiwa sasa na pacha wake, zitenganishwe: 46 upande huu, 46 upande ule. Ikizidi moja au ikipungua moja, mara nyingi matokeo yake ni kifo cha seli au ugonjwa. Seli nyingi za binadamu zinazokuzwa maabara humaliza mzunguko huo kwa saa 24 hivi, na tendo lenyewe la kutenganisha kromosomu huchukua kama saa moja.

Watu waliishi na ajabu hiyo bila kuiona tangu kuumbwa kwao. Mwaka 1855 tabibu Mjerumani Rudolf Virchow alitangaza kanuni kwamba kila seli hutoka kwa seli nyingine. Mwaka 1882 mwenzake Walther Flemming, aliyekuwa Kiel, alichapisha michoro ya seli za viluwiluwi vya salamanda alizozitia rangi, na humo akaonyesha nyuzi zikijikusanya, zikijipanga katikati, kisha zikivutwa pande mbili. Kanuni ya Virchow ni nyepesi kusoma, ila nafsi ikiitafakari hutetemeka. Mwilini mwako hamna hata seli moja iliyoumbwa pasipo kutoka kwa nyingine. Kila moja ni nusu ya seli iliyoitangulia, na hiyo ni nusu ya iliyoitangulia, mpaka kwenye yai moja tumboni mwa mama yako. Na yai hilo nalo lilitoka kwa seli ya mama, iliyotoka kwa bibi. Uzi huo haujakatika hata mara moja. Ungekatika popote, mimi na wewe tusingekuwapo.

Swali lililobaki kwa karibu miaka mia moja ni hili: nani huiambia seli kwamba sasa ni wakati? Jibu lilipatikana mahali ambapo wenye hekima wengi wasingeenda kutafuta.

Watu wa Afrika Mashariki wamepika pombe za nafaka tangu zamani. Nafaka huloweshwa ikaota, ikaanikwa, ikasagwa, ikapikwa, ikaachwa ichachuke. Kinachochachusha ni viumbe hai visivyoonekana. Mwaka 1893 mtaalamu wa Kijerumani, Paul Lindner, alizichunguza hamira zilizokuwa katika pombe ya nafaka iliyotoka pande hizi zetu, akaona moja ambayo haikuwa imeelezwa na sayansi bado. Akaiita Schizosaccharomyces pombe, na kwa jina hilo inajulikana hadi leo katika maabara za dunia nzima. Msomaji ambaye dini yake inamkataza pombe asikwazike. Tunachokitazama hapa ni kiumbe, wala si kinywaji.

Hamira hiyo ina tabia njema kwa mchunguzi. Hamira ya mikate huchipuza kijiseli kidogo ubavuni. Hii yetu ina umbo la kijiti, hurefuka kwenye ncha tu bila kunenepa, na ikishafika urefu wake hujikata katikati, ikaacha vijiti viwili vilivyo sawa. Kwa hiyo ukipima urefu wa seli moja unajua imefika wapi katika safari yake ya kugawanyika. Ukubwa wake ni umri wake.

Katikati ya miaka ya 1970, kijana Mwingereza aitwaye Paul Nurse alikuwa Edinburgh, katika maabara ya Murdoch Mitchison, akiichunguza hamira hiyo, ingawa mbegu iliyotumika katika maabara nyingi ilikuwa imepatikana Ulaya, katika maji ya zabibu. Alikuwa akitafuta seli zenye kasoro: zinazogawanyika kabla ya kufikia ukubwa unaostahili, hivyo zikabaki ndogo. Mawazo yake yalikuwa mazuri sana. Seli iliyokwama inaweza kukwama kwa sababu elfu, kwa kuwa kitu chochote kikivunjika kazi husimama. Lakini seli inayowahi, inayopita kabla ya saa yake, hiyo lazima imeguswa mahali penye amri.

Alizipata nyingi, karibu zote zikiwa na kasoro katika jeni moja tu, akaliita wee1, kwa neno la Waskoti lenye maana ya kidogo. Kisha siku moja ya Ijumaa akaona kisahani chenye seli ndogo nyingine, lakini kisahani kilikuwa kimevamiwa na ukungu, na kuzisafisha seli hizo kungekuwa kazi ya kuchosha. Akakitupa, akaenda nyumbani. Jioni ile dhamiri ikamsumbua. Akarudi maabara mvua ikinyesha, akakiokota kisahani kutoka kwenye pipa la taka. Zile seli hazikuwa na kasoro ya wee1. Zilikuwa na kasoro katika jeni jingine, cdc2, na jeni hilo ndilo lililobadilisha elimu yetu juu ya uhai. Wengine waseme ni bahati. Mimi nasoma kisa hicho nikimshukuru Mungu aliyemfanya kijana yule akose amani nyumbani kwake.

Jeni la cdc2 lilikuwa tayari linajulikana kwa namna nyingine: likiharibika kwa njia moja, seli haigawanyiki kabisa, inarefuka tu mpaka inakuwa kama uzi. Sasa ikaonekana kwamba likibadilika kwa njia nyingine, seli inagawanyika mapema mno. Kitu ambacho kikizimwa kazi inasimama, na kikilegezwa kazi inawahi, hicho hakiwezi kuwa kibarua wa kawaida. Ndicho kinachoamua.

Huko Seattle, Marekani, Leland Hartwell alikuwa amefanya kazi kubwa kama hiyo kwa hamira ya mikate, akabainisha majeni mengi ya mgawanyiko, likiwamo aliloliita CDC28. Mwaka 1982 ikathibitika kwamba jeni la hamira moja linaweza kufanya kazi ya mwenzake katika hamira nyingine. Jambo hilo lilishangaza, kwa sababu hamira hizo mbili ziko mbali sana kiukoo, pamoja na kwamba zote tunaziita hamira. Lakini bado tulikuwa katika ulimwengu wa viumbe wa seli moja. Je, mtu?

Hapo ndipo penye kisa ambacho ningependa kila mtoto wa shule akijue. Nurse alikuwa sasa London, katika taasisi ya utafiti wa saratani, na pamoja naye alikuwa mtafiti Melanie Lee. Walichukua hamira yenye cdc2 iliyoharibika kwa namna ya pekee: kwenye nyuzi joto 25 inaishi, kwenye nyuzi joto 36 inashindwa kugawanyika. Kisha wakachukua mkusanyiko mkubwa wa nakala za majeni ya binadamu, maelfu kwa maelfu, bila kujua lipi ni lipi, wakaziingiza katika hamira hizo zenye kasoro, halafu wakapandisha joto. Hamira zote zingepaswa kukwama. Kama kungekuwa na jeni la mtu linaloweza kusimama mahali pa cdc2, hamira iliyolipokea ingeendelea kugawanyika na kuwa kundi linaloonekana kwa macho.

Makundi yakaota.

Ilikuwa mwaka 1987 walipochapisha matokeo hayo. Hamira iliyokuwa imehukumiwa kufa iliishi na kuzaa kwa jeni la mwanadamu. Haikuomba tafsiri. Ilisoma maandishi yaliyoandikwa kwa ajili ya mwili wa mtu, ikatengeneza protini ya mtu, ikaikabidhi kazi kubwa kuliko zote katika nyumba yake, na protini ile ngeni ikawafahamu wenyeji wote: waliopaswa kuizuia wakaizuia, waliopaswa kuiachilia wakaiachilia. Walipolisoma lile jeni, ambalo ndilo CDK1 tuliloanza nalo, herufi kwa herufi, wakakuta protini yake ina asidi amino 297, idadi ile ile ya protini ya hamira, na zaidi ya nusu zikilingana moja kwa moja. Ndani yake kuna kipande cha asidi amino 16 ambacho hakitofautiani hata kwa moja kati ya mtu, hamira ya pombe na hamira ya mikate. Kipande hicho hicho kimo katika mahindi.

Wataalamu wa ukoo wa viumbe wanakadiria kwamba njia ya hamira na njia yetu zilitengana zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita. Milima imeinuka na kulika tangu hapo. Mabara yamekutana na kuachana. Na maandishi haya yamebaki. Yamebakije? Sayansi inatoa jibu lenye huzuni na utukufu kwa pamoja. Makosa ya kunakili hutokea daima, hata katika jeni hili. Lakini kila aliyepokea kosa lililogusa mahali hapa hakuishi, na kosa likafa naye. Kwa hiyo asidi amino 16 zile hazikuhifadhiwa kwa kufungiwa mbali na hatari. Zimelindwa katikati ya hatari, kizazi baada ya kizazi, kwa sababu bila hizo hakuna kizazi. Najua wapo waumini wanaosikia habari za miaka bilioni na ukoo wa viumbe wakadhani imani yao inapokonywa kitu. Kwangu imekuwa kinyume. Mtunzi ambaye sentensi yake moja inaweza kupita mikononi mwa wanakili wasiohesabika, kwa muda ambao akili haiwezi kuushika, ikafika nzima, huyo namwogopa zaidi na kumpenda zaidi.

Sasa tuingie ndani tuone protini hiyo inavyofanya kazi, maana uzuri wake haupo katika kudumu tu.

CDK1 peke yake haina nguvu. Inahitaji mwenzi, protini inayoitwa saikilini. Habari za saikilini zilitoka baharini. Majira ya joto ya mwaka 1982, Mwingereza Tim Hunt alikuwa Woods Hole, pwani ya Massachusetts, akichunguza mayai ya yule mnyama wa mviringo mwenye miiba anayewachoma miguu wanaotembea miambani maji yakikupwa. Aliona protini moja ikiongezeka ndani ya yai taratibu, kisha yai linapogawanyika ikatoweka ghafla, halafu ikaanza kuongezeka tena, ikatoweka tena. Miaka kumi na moja nyuma, mwaka 1971, Yoshio Masui alikuwa ameonyesha kwamba katika mayai ya chura mna kitu ambacho kikitolewa katika yai lililokomaa na kuchomwa katika yai changa, nalo hukomaa. Kuanzia mwaka 1988, kitu hicho kilipotakaswa na kuchunguzwa, ikafahamika ni nini: ni ile protini ya hamira, cdc2, ikiwa imeshikana na saikilini. Chura, mnyama wa miiba, hamira na mtu, wote walikuwa wakielezwa na watafiti mbalimbali bila kujua kwamba wanaeleza kitu kimoja. Hartwell, Hunt na Nurse walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2001.

Kipande kile cha asidi amino 16 kisichobadilika ni sehemu ya mahali ambapo CDK1 humshikia mwenzi wake. Lakini hata wakishashikana, kazi haianzi mara moja. Protini ya wee1, ambayo nasi tunayo, huweka chembe ya fosfeti juu ya asidi amino ya 15 ya CDK1, na kwa chembe hiyo moja nguvu yote inazuiwa. Seli inakua, saikilini inaongezeka, jozi zinarundikana zikiwa tayari na zikiwa zimefungwa. Ikiwa DNA ina jeraha au haijamaliza kunakiliwa, kifungo kinabaki. Mambo yakiwa sawa, protini nyingine, cdc25, inaanza kuiondoa ile fosfeti. Na hapa kuna hekima ninayoipenda sana: CDK1 chache za kwanza zikifunguliwa, zenyewe zinamzuia wee1 na kumtia nguvu cdc25, hivyo zilizobaki zote zinafunguliwa kwa pamoja. Seli haiingii katika mgawanyiko kwa kusitasita. Ilingoja kwa muda mrefu, na sasa imeamua, na hairudi nyuma.

Kinachofuata hutokea kwa dakika chache. CDK1 inaziwekea fosfeti protini mamia. Nguzo za utando wa kiini zinaachana na utando unasambaratika. Nyuzi za DNA zinajikunja zikawa kromosomu fupi nene ili zisisukane. Kutoka pande mbili za seli nyuzi nyingine zinanyooshwa kuzitafuta kromosomu, zikipapasa, zikikosa, zikijaribu tena, mpaka kila pacha ameshikwa kutoka upande wake.

Na seli inangoja. Jambo hili lilipimwa kwa uangalifu: kromosomu moja tu ikiwa haijashikwa vizuri, inatoa ishara inayozizuia nyingine zote zisitenganishwe, hata kama zile nyingine zimekuwa tayari kwa muda mrefu. Ni sawa na nahodha wa jahazi aliyekwisha kutweka tanga, upepo ni mzuri, abiria wote wamekaa, naye haondoki kwa sababu mmoja bado yumo majini anakuja. Yule wa mwisho akishashikwa, ishara inakoma. Kundi kubwa la protini linaitia saikilini alama ya kuharibiwa, saikilini inavunjwa vipande, vifungo vya mapacha vinakatwa, na kromosomu zote zinaachana kwa wakati mmoja. CDK1 inapoteza mwenzi wake na pamoja naye nguvu zake. Utando wa kiini unajengwa upya, mara hii mara mbili.

Tazama basi kwamba anayetoa amri anaanzisha kwa amri hiyo hiyo kazi ya kumwondoa madarakani. Hajishikilii. Sijaona katika falme za watu utawala uliopangwa kwa adabu namna hiyo.

Uhuru wa kugawanyika bila adabu hiyo tunaujua, maana ndio saratani. Mwaka 1958 daktari wa upasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Kampala, aliandika juu ya uvimbe wa taya uliowapata watoto wa Afrika. Leo ugonjwa huo unabeba jina lake, na ni miongoni mwa saratani za binadamu zinazokua kwa kasi kubwa kuliko zote. Uvimbe unaweza kuongezeka mara mbili kwa muda wa siku moja hivi. Ndani ya seli hizo, jeni liitwalo MYC kwenye kromosomu ya 8 limehamishwa likawekwa mahali linapoamrishwa bila kukoma, na amri hiyo inazisukuma seli kuingia katika mzunguko tena na tena. CDK1 yenyewe ni nadra kuharibika katika saratani. Inaendelea kufanya kazi yake kwa uaminifu, ila walio juu yake wamepotoka. Sina maneno ya kumpa mzazi aliyemwona mwanawe katika hali hiyo, na sitaki kuandika maajabu kana kwamba maumivu hayapo.

Lakini hata hapo kuna jambo. Katika dawa zinazotumika kuwatibu watoto hao imo moja iitwayo vinkristini, inayotokana na mmea mdogo wa maua ya rangi ya waridi wenye asili ya Madagaska, ambao watu wengi wa pwani yetu wanao uani wakidhani ni pambo tu. Dawa hiyo inazizuia nyuzi zile zinazozitafuta kromosomu zisijengeke. Kromosomu hazishikwi. Ishara ya kungoja haikomi. Seli ya saratani, iliyovunja sheria nyingine nyingi, inaposhikwa na sheria hii ya kungoja mara nyingi hufia papo hapo. Watoto wengi wanaofikishwa hospitali mapema hupona kwa dawa hiyo pamoja na nyinginezo. Subira ambayo Muumba aliiweka ndani ya seli inageuka kuwa njia ya kumwokoa mtoto.

Kuna mahali pengine subira hiyo inafikia kipimo ambacho sijui nikilinganishe na nini. Mtoto wa kike akiwa bado tumboni, seli za mayai yake huanza mgawanyiko maalumu wa kuandaa uzazi, kisha husimama katikati. Husimama CDK1 ikiwa imezuiwa. Mtoto anazaliwa, anakwenda shule, anakuwa mwari, anaolewa, na mayai yanangoja. Mengine yatangoja miaka 20, mengine 40. Mwezi mmoja, kwa ishara ya homoni, kifungo kinaondolewa katika yai moja, CDK1 inaamka, na kazi iliyoachwa kabla mama hajazaliwa inaendelea pale pale ilipokomea. Kwa maana hiyo yai ulilotoka wewe lilikuwapo ndani ya mama yako wakati mama yako akiwa ndani ya bibi yako. Wazee wetu wanaposema mtoto ni wa ukoo mzima wanasema zaidi ya wanavyodhani.

Siku moja hivi baada ya kutungwa mimba, yai linagawanyika kwa mara ya kwanza. Watafiti wa Madrid walionyesha mwaka 2007 kwamba kiinitete cha panya kinaweza kunyimwa ndugu kadhaa wa CDK1, protini za jamii yake zinazosaidia katika mzunguko wa seli, na bado kikaendelea mpaka viungo vikaanza kuumbika. Kikinyimwa CDK1 hakifiki popote. Kinakwama katika migawanyiko ya mwanzo kabisa.

Ukifika hapo unadhani umeujua mwisho wa habari: bila jeni hili hakuna tishu ya mnyama inayokua. Nami nilidhani ndiyo kanuni, mpaka niliposoma habari za ini. Ini lina sifa ya pekee. Mtu anaweza kumtolea mgonjwa zaidi ya nusu ya ini lake, na lile lililobaki likakua likaukaribia ukubwa wa awali, kisha likaacha kukua. Watafiti wa Singapore waliwachukua panya, wakaliondoa jeni la CDK1 katika seli za ini peke yake, halafu wakakata sehemu kubwa ya ini hilo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012. Seli za ini hazikuweza kugawanyika, kama ilivyotarajiwa. Lakini ini lilirudi katika ukubwa wake. Kila seli iliyobaki ilitanuka, ikanakili DNA yake bila kujigawa, ikabeba mzigo wa wenzake waliopaswa kuzaliwa, na panya wale wakaishi.